Sikio Lililouzwa Utende

Sehemu ya sita

Wiki iliyopita uliniacha jikoni, sufuria iko sakafuni. Niliiangusha makusudi nyuma ya mgongo wa mume wangu. Ililia mpaka kuku wakatoka mbio uani. Costantine hakugeuka. Aliendelea kumenya chungwa lake.

Kwa wewe unayenikuta leo, mambo yalianza hivi.

Jina langu Devotha. Ni mwalimu wa shule ya msingi, na nyumba yetu iko Utende, hapa kisiwani Mafia, hatua chache kutoka geti la hifadhi ya bahari. Mume wangu Costantine alikuja kisiwani kutengeneza redio za boti, akakutana na Shaibu, fundi wa majahazi kutoka kisiwa cha jirani cha Jibondo. Wawili hao wakaanza kutengeneza spika.

Hazikuwa spika za kupasulia watu masikio harusini. Shaibu alichonga maboksi kwa mbao za mtondoo, zile zile wanazoundia vyombo vya baharini. Costantine alitia mitambo ndani, kisha akakaa mbele ya kila moja akairekebisha kwa sikio lake mpaka aseme, "Hii sasa inasema kweli." Waliziita Kisimani, jina la ule mji wa kale ulioliwa na bahari. Watalii waliokuja kupiga mbizi walizisikia kwenye hoteli za hapa ghubani, wakazibeba makwao. Miaka michache baadaye, watu wa Ulaya na Japani walikuwa wakisubiri zamu.

Ndipo ikaja Mshindo. Hiyo unaijua. Sabufa yenye taa zinazobadilika rangi, iliyoko kwa kinyozi na kwenye banda la chipsi, ni ya Mshindo. Walinunua jina la Kisimani, karakana, na nyumba tunayolala. Walituahidi kwamba hakitabadilika kitu.

Kisha wakampandisha mume wangu kwenye kenta, lori la matangazo. Wakamkalisha kiti katikati ya masabufa, amevaa suti, wakamzungusha kwenye masoko kuanzia Mkuranga mpaka Masasi, wakitangaza: huyu ndiye baba wa Kisimani, njooni mumwone. Alipoomba pamba ya kuziba masikio, waliuliza balozi wa sauti mwenye pamba masikioni atauza nini.

Alirudi akiwa kiziwi. Alinificha mpaka siku ya sufuria.

Niliizunguka meza nikasimama mbele yake. Aliuona uso wangu akajua nimeshajua. Hakukana.

"Usimwambie mtu," alisema. "Na Shaibu kuliko wote."

Nilimuuliza kwa nini Shaibu kuliko wote. Alisoma midomo yangu mara mbili ndipo akanielewa. Akasema Shaibu aliacha kuunda majahazi, kazi ya babu zake, kwa sababu aliamini kitu kimoja tu, na kitu hicho hakipo tena.

Likizo ilipofika nilimvusha Dar. Watu tuliwaambia tunakwenda kumwona mwanetu Godlove, anayesoma bara. Daktari bingwa alisema sikio la kushoto limekufa. La kulia limebaki na uhai kidogo, na kuna kifaa cha kupandikiza ambacho tungekipata India. Tulipotoka nje nilimweleza Costantine, nikimtamkia neno moja moja. Alicheka. Alisema mshahara wa mwalimu haujawahi kupanda ndege ukaenda mbali hivyo.

Basi nikawa masikio yake mimi.

Mtu akimwita kwa nyuma, nilivuta shati lake. Kanisani Kilindoni nilimpigia mapigo ya wimbo kiganjani ili aanze pamoja na wenzake. Wageni wakija nyumbani nilijibu mimi, nikaanza kusifika kijijini kwa umbea. Warda, mke wa Shaibu, ambaye ni rafiki yangu wa chanda na pete, aliniambia siku moja nimeota mdomo uzeeni. Nilicheka naye. Nilipofika nyumbani nililia.

Kwa muda huo karakana ilikuwa imebaki ya kupigia picha. Shaibu na mafundi wake walichonga maboksi machache, na machache hayo yakakaa ghalani. Spika zilizokwenda sokoni zilitengenezwa mbali, kiwandani, nasi hatukujua wapi.

Asubuhi moja akaja Bi Victoria.

Victoria ndiye mkurugenzi wa mauzo wa Mshindo. Asikuchoree mtu jitu lenye pembe. Ni mwanamke mpole, hapandishi sauti. Siku aliyoleta mkataba alikula ugali kwangu, kisha akanisaidia kuosha vyombo. Ningekuwa na dada ningependa awe vile.

Alinikuta karakana, nimempelekea Costantine chai. Mume wangu alikuwa amejiinamia kwenye meza yake, anachomelea nyaya, ametupa mgongo. Victoria alinieleza kwamba Jumamosi watakuja wageni kutoka Ulaya, wenye maduka makubwa. Kisimani mpya imekamilika, ya bei ambayo kila mtu ataiweza. Wageni wana sharti moja. Wanataka Costantine aisikilize mbele yao, aseme kwa kinywa chake kama hiyo ni Kisimani au siyo. Akisema ndiyo, watainunua.

Katikati ya maneno hayo alinyamaza. Aliutazama mgongo wa mume wangu. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kuagiza chai:

"Costantine, karakana yako inaungua."

Costantine alipuliza moshi wa risasi ya kuchomelea, akaendelea na waya wake.

Victoria alinigeukia. "Tangu lini?"

"Ana mafua," nilisema. "Yameziba masikio."

"Mwalimu, nimeuza sabufa maisha yangu yote. Viziwi nawafahamu. Ndio wateja wangu."

Nilisubiri aseme kwamba mambo yameharibika, kwamba wageni wasije, kwamba mkataba umekufa. Hakusema. Alinigusa bega, akaniambia Jumamosi mume wangu avae shati jeupe, linatoka vizuri kwenye picha. Akaondoka.

Nilikuja kuelewa darasani, chaki mkononi, watoto wakinisubiri nimalize sentensi. Victoria hakuwa amepata hasara. Alikuwa ameokota dhahabu. Kwa spika kama ile aliyotaka kuuza, hakuna hakimu bora kuliko asiyesikia.

Sikumwambia Costantine kwamba Victoria amegundua. Alikuwa amebakiwa na faraja moja tu, kule kudhani kwamba amewaficha, nami sikutaka kuwa mtu wa kumpokonya. Nilimshauri akatae, asingizie homa. Alisema akikataa watauliza sababu, na sababu ikijulikana Mshindo hawatakuwa na haja naye, na nyumba ni yao.

Tukaunda njia yetu. Mimi ningekaa mstari wa mbele. Sauti ikiwa safi, ningeshika msalaba wa shingoni. Ikiwa mbaya, ningeshika kidevu. Naye angesema kwamba bado, irudishwe kiwandani ikarekebishwe, na hakuna ambaye angejua hukumu imetoka kwangu. Tulifanya mazoezi mezani kama watoto wanaocheza. Alifurahi. Kwa mara ya kwanza tangu kenta nilimwona anafurahi, nikajiona mke mwenye akili.

Jumamosi ukumbi wa hoteli ulijaa. Wageni watatu walikaa mbele, nyuso zimewaiva kwa jua. Walikuwepo wakubwa wa kisiwa na mwalimu mkuu wangu. Mafundi wa karakana walikaa pamoja upande wa dirishani. Shaibu alikuwa kati yao, amevaa kanzu na kofia ya kiua kama mtu anayekwenda kwenye ndoa.

Spika zilikuwa mbili, zimefunikwa kitambaa cheusi. Costantine aliketi mbele ya spika hizo peke yake.

Victoria alikuja akakaa kando yangu. Akauchukua mkono wangu wa kulia, akauweka ndani ya mikono yake miwili, kama mtu na mdogo wake msibani. Nilijaribu kuutoa. Vidole vyake vikakaza kidogo.

"Tulia, mwalimu," aliniambia sikioni. "Wageni wanatuangalia."

Wakawasha.

Hapa nieleze jambo. Kila Kisimani iliyotoka Utende ilipimwa kwa sauti moja. Ni sauti ya marehemu Bi Mwanahalima, mama yake Shaibu, akimbembeleza mjukuu. Costantine alimrekodi kule Jibondo miaka mingi nyuma, ameketi kwenye mkeka, hana ala yoyote. Ukiisikiliza kwenye Kisimani ya kweli, ulisikia mpaka anavyovuta pumzi kati ya neno na neno, na kiganja chake kinavyopiga polepole mgongoni kwa mtoto. Alipofariki, Shaibu alikuwa akija karakana siku za Ijumaa baada ya swala, anakaa, anamsikiliza, anaondoka. Hatukuwahi kumsemesha kwa muda huo.

Sauti iliyotoka chini ya kile kitambaa ilikuwa ya mtu anayeimba ndani ya pipa. Pumzi hazikuwepo. Na chini yake, mahali ambapo pale Jibondo palikuwa na kiganja cha bibi mgongoni kwa mtoto, walikuwa wametia mdundo. Ndu, ndu, ndu. Glasi za maji zilitetemeka mezani.

Niliinua mkono wa kushoto nikashika kidevu. Nilikishika kwa nguvu mpaka kucha zikaniingia.

Costantine hakunitazama. Alikuwa amefumba macho.

Nikakohoa, nikakumbuka kwamba kukohoa hakusaidii. Nikaburuza kiti. Mwalimu mkuu aligeuka, wageni wakageuka, mume wangu hakugeuka.

Wimbo ulipokwisha alifumbua macho kwa kuwa mtetemo wa sakafu ulikuwa umekoma. Akainuka. Akaenda mpaka kwenye spika, akaweka kiganja juu ya kitambaa, akakiacha pale kidogo. Akatazama upande wa dirishani. Kisha akawageukia wageni.

"Hii ni Kisimani," alisema. "Sina la kuongeza."

Mgeni mmoja aliinamisha uso akatazama viatu vyake. Nadhani huyo alikuwa na masikio. Mwenziwe akaanza kupiga makofi, wa tatu akafuata, na ukumbi mzima ukapokea. Wale walikuja kununua jina. Sauti haikuwa katika safari yao.

Makofi yalipotulia Shaibu alikuwa amesimama.

"Costantine," alisema, hakupaza sauti, "huyo anayeimba ni nani?"

Mume wangu alimwona amesimama, akaona midomo imecheza. Kwa umbali ule hakuweza kuisoma. Akadhani anapongezwa. Akatabasamu, akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa kwa shukrani.

Sijawahi kuona mtu akipigwa kofi namna ile bila kuguswa.

"Mama yangu hakuwa na ngoma kifuani," Shaibu alisema.

Alivua kitambulisho cha kampuni, akakiweka juu ya kiti. Akatoka. Fundi aliyekaa karibu naye akaweka cha kwake, akafuata, na waliobaki wakafuata. Viti vya dirishani vikabaki vitupu. Costantine alikuwa bado anatabasamu, tabasamu likimkauka kidogo kidogo, macho yakinitafuta nimweleze kilichotokea.

Ndipo Victoria akaniachia mkono.

Nilimweleza njiani, nikisimama mbele yake kila baada ya hatua kadhaa. Nilimwambia kitu gani kilikuwa chini ya kitambaa. Nilimwambia kuhusu mdundo, na Shaibu alivyouliza, na yeye alivyoinama. Hilo la mwisho lilimfanya ashike ukuta wa nyumba ya watu asianguke. Lakini kuhusu spika hakushangaa, na mimi kwa uchungu niliokuwa nao sikuliona hilo. Tulipofika alisema amechoka, akajilaza.

Mimi nikavunja agizo lake la kutomwambia mtu. Niliona heri mume wangu ajulikane kiziwi kuliko ajulikane msaliti. Nikaenda kwa Shaibu.

Warda alikuwa uani anaanika mwani. Alinisalimia bila kunitazama. Shaibu alikuwa anapanga zana zake ndani ya kapu, tezo, randa, keekee, anazifunga matambara kama mtu anayehama. Alikuwa anarudi Jibondo.

Nilisema yote nikiwa nimesimama. Kenta, pamba, daktari, sikio lililokufa na lililobaki. Warda aliketi chini palepale juu ya mwani wake akalia, akasema, "Na mimi nilikusema umeota mdomo!" Shaibu aliendelea kufunga keekee. Aliuliza tangu lini. Nikamwambia.

"Pole, shemeji," alisema. "Pole sana. Ungeniambia ningembeba mgongoni mpaka huko Dar."

Nilidhani yamekwisha. Nilianza kumshukuru.

"Lakini usinifanye mtoto," aliendelea. "Uliona alivyoweka kiganja?"

Nilisema niliona.

"Mwaka wetu wa kwanza alikuwa ananirudishia maboksi kwa kuyashika tu. Ananiambia, 'Shaibu, ubavu huu mwembamba, rudia.' Hata mtambo hajautia. Mbao na plastiki, shemeji, mtu anahitaji masikio? Aliweka kiganja, akajua. Akanitazama mimi. Halafu akasema alichosema."

Warda aliacha kulia. Nilichokuwa nacho mimi ni kidevu changu, kinauma bado, na macho ya mume wangu yaliyofumbwa. Alikuwa ameyafumba ili asiione ishara.

Nilirudi nyumbani nikamkuta barazani. Sikukaa. Niliuliza, nikiutanua mdomo kila herufi ionekane: "Ulijua?"

Hakujifanya kutoelewa.

Alisema Victoria alimjia Ijumaa nikiwa darasani. Hakusema neno. Aliandika kwenye simu yake, akamwonyesha. Alikuwa ameandika kwamba anajua Costantine hasikii. Kwamba Jumamosi akisema hii ni Kisimani, karakana ya Utende haifungwi, na Shaibu na mafundi wote wanabaki na kazi yao. Asiposema, Jumatatu inafungwa. Costantine aliichukua simu akaandika chini yake: Apa. Victoria akainua mkono akaapa, pale pale mbele ya meza ya kuchomelea nyaya.

"Wale watu waliacha nyavu na vyombo wakanifuata mimi," alisema. "Ningewaambia nini Jumatatu?"

"Na mimi? Mazoezi yote yale ya kidevu?"

"Ulikuwa umefurahi," alisema. "Sikutaka kukunyima."

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiishi. Mimi namficha kwamba Victoria amejua, yeye ananificha kwamba Victoria amemjia, na kila mmoja anamhurumia mwenziwe.

Lilibaki swali moja, na lilikuwa linanichoma kuliko yote. Nilimuuliza amewezaje, sauti ya Bi Mwanahalima, mbele ya mwanawe.

"Sikumsikia," alisema Costantine. "Ndiyo maana niliweza."

Nilikaa chini. Nilitaka kumchukia, nikakosa pa kuanzia. Nilimwambia Shaibu anafunga zana. Alisema hilo hakulitegemea. Alijua Shaibu angemchukia, ila alidhani angemchukia huku anachonga, na siku moja angemweleza wakaelewana. Alisema niende nikamwambie karakana imepona, chuki abaki nayo lakini kazi asiache.

Nilikuwa nimeshanyanyuka niende. Nikasikia hodi.

Alikuwa Victoria, na nyuma yake kijana wa kampuni ameshika kufuli kubwa jipya.

Nilimkaribisha kwa mazoea, mdomo wenyewe ulifanya. Alikaa ukingoni mwa baraza, akavua viatu vilivyokuwa vimeingia mchanga. Akaeleza kwa upole. Kampuni haikuwa na nia ya kuifunga karakana, na yeye ameapa. Lakini mafundi wameacha kazi wenyewe, mbele ya wakubwa wa kisiwa, mbele ya wageni, wametupa vitambulisho. Karakana isiyo na mafundi ni banda. Leo wanalifunga, vitu visiibwe.

Costantine aliliona kufuli. "Anasema nini?" aliniuliza.

Nilimgeukia Victoria nikamwambia, "Neno lake ulikuwa nalo tangu jana. Mkono wangu uliushikia nini?"

Aliniangalia kama aliyeulizwa jambo la ajabu. "Ulikuwa unatetemeka, mwalimu. Nilikuonea huruma."

Nilimwamini. Na hapo ndipo nilipomwogopa kwa mara ya kwanza.

Alikuwa na la pili. Wageni wamependa sana sauti ya yule bibi. Makao makuu wamependa zaidi. Wanataka iwe sauti ya Mshindo. Kila sabufa ikiwashwa, bibi aimbe maneno mawili matatu, halafu mdundo uingie, nchi nzima na nje. Kinachokosekana ni ruhusa ya mrithi, na mrithi ni Shaibu, na Shaibu hawezi kuzungumza na kampuni sasa. Mimi naweza. Mimi ni shemeji yake.

"Akikubali, Costantine anaondoka Jumanne kwenda India," alisema. "Kifaa, hospitali, na wewe ukiwa kando yake. Kampuni itabeba. Naandika mbele yako kama hutaki kiapo."

Nilimwambia yule ni mama wa mtu.

"Mama amekwisha kufa, mwalimu. Mumeo bado."

Sitakudanganya, msomaji. Nilipaswa kumfukuza. Badala yake nilimtazama mume wangu, shati jeupe bado mwilini, macho yanatoka kwangu yanakwenda kwa Victoria yanarudi kwangu, nikamwona ananisikia tena nikimwita kutoka jikoni. Niliiona picha hiyo nzima, mpaka namna atakavyogeuka. Nikaitaka.

"Anasema nini, mama?" Costantine aliuliza tena.

"Mwambie."

Haikuwa sauti ya Victoria. Shaibu alikuwa amesimama kwenye pengo la ua wa makuti, Warda ubavuni mwake amemshika kanzu. Warda alikuwa amemkatalia katakata Shaibu kuvuka kwenda Jibondo kabla hajaja kumpa Costantine pole ya masikio yake. Sijui walikuwa pale kwa muda gani. Nilimtazama Warda nikajua, walifika kabla India haijatajwa.

Victoria aliinuka, akaanza kumsalimu. Shaibu alimpita.

"Mwambie yote, shemeji," alisema. "Usipunguze. Kufuli, na mama, na India. Kisha unifikishie jibu lake. Atakalosema yeye ndilo nitakalofanya mimi."

Nilimwomba asinitwike mzigo huo. Nilimwambia anaweza kumwandikia mwenyewe. Alisema rafiki yake amepata masikio mengine na masikio hayo ni mimi, basi nifanye kazi yangu.

Costantine alikuwa amemwona. Aliinuka akasimama mbele yake, mikono inaning'inia, hajui aiweke wapi. Kisha akanijia mimi. Akanishika uso kwa viganja vyote viwili, akaugeuza upande wa mwanga apate kuiona midomo yangu vizuri.

"Sema polepole," aliniambia.

Nikasema. Polepole, neno kwa neno, sikupunguza, na kila neno nililiona linavyoingia machoni mwake. Nilipofika kwenye maneno "mama amekwisha kufa, mumeo bado," viganja vyake vilikaza mashavuni mwangu.

Nikamaliza. Aliniachia uso, akamgeukia Shaibu, akafungua kinywa.

Itaendelea wiki ijayo.